Karani Kati ya Dirisha na Kabati

Kila anayejifunza kutengeneza tovuti hufika siku anapoandika mstari huu, au ndugu yake:

$db = new mysqli('localhost', 'root', '', 'mtaa');

Ni mstari mfupi. Ukishauandika bila kusahau alama hata moja, hakuna kinachoonekana. Ukurasa unabaki mweupe. Wengi hudhani wameharibu, kumbe weupe huo ndio ushindi wenyewe: skripti ya PHP imepiga hodi kwa MySQL, imeulizwa jina na neno la siri, imeruhusiwa kuingia. Kuanzia hapo inaweza kuuliza maswali.

Ndani ya mabano mna mambo manne. La kwanza ni mahali hifadhidata ilipo, na 'localhost' maana yake ni mashine hii hii uliyokalia. La pili ni jina la anayeingia. La tatu ni neno lake la siri, ambalo hapa limeachwa tupu. La nne ni jina la hifadhidata anayoitaka. Miongozo ya wanaoanza hueleza la kwanza na la nne kwa urefu, halafu la pili wanalipita kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Andika root, wanasema, neno la siri liache hivyo, twende mbele. Lakini hilo la pili ndilo lenye historia, na historia hiyo watu wa Eastlands waliishi ndani yake miaka mingi kabla kompyuta kufika huku.

Tuchukue ofisi yoyote ya serikali. Kuna dirisha, kuna kabati la mafaili, na katikati kuna karani. Wewe uliyepanga foleni huligusi kabati. Unamwambia karani shida yako, anaenda, anafungua droo, anarudi na jibu, au anarudi na ile "faili haionekani, kuja kesho". Kivinjari cha simu yako ndicho dirisha. Hifadhidata ndiyo kabati. Skripti iliyoko kwenye seva ndiye karani. Na kama ilivyo ofisini, kasi ya karani si jambo kubwa sana. Jambo kubwa ni funguo alizopewa. 'root' ni karani mwenye funguo zote: anasoma, anaandika, anafuta, na akiamua anaweza kulichoma kabati lenyewe.

Nairobi ilijengewa kabati lake mapema. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande. Kilikuwa karatasi yenye jina, kabila, wilaya na alama za vidole, kisha nafasi za kujazwa na mwajiri: tarehe ya kuajiriwa, kazi gani, mshahara gani, tarehe ya kuachiliwa. Karatasi ilikunjwa ikatiwa kwenye kikebe cha bati, kikebe kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Watu wengi wanaposimulia habari za kipande huishia kwenye kikebe. Kikebe kinaumiza kukitazama, ni sawa, lakini nusu ya mtambo ilikuwa mahali pengine. Nairobi kulikuwa na ofisi kuu ya usajili iliyohifadhi kumbukumbu za kila aliyeandikishwa pamoja na alama zake za vidole. Karatasi ya shingoni ilikuwa na namba, na namba hiyo iliipata faili yako kabatini. Leo, ukitengeneza jedwali la hifadhidata, utaambiwa kila safu iwe na namba yake isiyorudiwa, na jedwali la pili liitumie namba hiyo kumrejelea mtu yule yule. Ndicho kipande hicho. Mtu aliyetoroka shamba la setla, akatupa karatasi mtoni na kujiita jina jipya, vidole vyake viliweza kumrudisha kwenye namba ya zamani.

Sasa angalia funguo. Polisi yeyote barabarani angeweza kudai kukisoma kipande chako. Mwajiri aliweza kusoma na pia kuandika. Karani wa usajili aliweza kutafuta, kulinganisha na kutoa nakala. Mwenyewe je? Mwenyewe alikuwa na ruhusa ya kukibeba tu. Kutokuwa nacho lilikuwa kosa, na kukiharibu pia. Na mwajiri akikataa kutia sahihi ya kukuachilia, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuchukua; ukiondoka hivyo hivyo, wewe ni mtoro, na mtoro hupelekwa kortini. Maisha ya mtu yalisimama kwa sababu nafasi moja kwenye karatasi ilikuwa tupu, na mwenye maisha hakuwa na ruhusa ya kuijaza.

Aliyeongoza vita vya kwanza vikubwa dhidi ya mtambo huu mjini alikuwa mtu wa mitambo kwa namna yake. Harry Thuku alikuwa opereta wa simu kwenye hazina ya serikali hapa Nairobi: kazi yake ilikuwa kuunganisha laini za watu wengine. Mwaka 1921 yeye na wenzake walianzisha chama cha East African Association, wakalalamikia kipande, kodi, mishahara iliyopunguzwa, na wanawake kulazimishwa kufanya kazi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwatolea maneno makali akawasukuma mbele. Polisi walipiga risasi, watu zaidi ya 20 wakafa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku akapelekwa kizuizini Kismayu. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo.

Mitaa yetu ilijengwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao rasmi ya Waafrika mjini. Zikafuata Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na nyinginezo, na upande wa reli Muthurwa na Makongeni. Kwa mpangaji wa reli, kazi, nyumba na haki ya kuwa mjini zilikuwa mafundo matatu ya kamba moja. Ukifutwa kwenye rejista ya kazi, nyumba inafuata. Wanaojenga hifadhidata wana agizo linalofanya hivi hivi: futa safu moja hapa, na safu zote zinazoitegemea kule zijifute zenyewe. Ni agizo zuri kwa duka la mtandaoni. Ukilifikiria kama maisha ya familia yenye chumba kimoja Muthurwa, unaanza kuandika polepole.

Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi na polisi waliuzingira mji wakapekua mitaa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa, karatasi zao zikaangaliwa, kisha wakapitishwa mbele ya watu waliovishwa magunia yenye matundu ya macho, gakunia. Gakunia akitikisa kichwa hivi, unaenda nyumbani. Akitikisa vile, unapanda lori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini, wengi wakipelekwa kambi za Mackinnon Road na Manyani. Kinachonishtua kama mtu anayeandika kodi ni kwamba gakunia alikuwa swali lisiloacha rekodi. Hakuna aliyejua nani ameulizwa, amejibu nini, kwa ushahidi gani. Karani akiwa na gunia kichwani huwezi hata kumkatia rufaa.

Uhuru ulikuja, kitambulisho kikabaki, na tabia ya kupanga watu foleni ili wathibitishe kuwa ni wao ilibaki pia. Novemba 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa kujitokeza kuchujwa, na waliopita wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Eastleigh, pale pale ng'ambo ya Pumwani, inaikumbuka vizuri hiyo kadi.

Wakati huo huo, mbali kabisa na haya, vifaa ambavyo kijana wa Umoja angekuja kuvitumia vilikuwa vinaanza kuundwa. Edgar Codd wa kampuni ya IBM alikuwa ameshaandika mwaka 1970 jinsi data inavyoweza kupangwa kwa majedwali yanayorejeleana. Lakini programu za kufanya hivyo ziliuzwa kwa bei ya benki na mashirika makubwa. Mambo yalibadilika mwaka 1995. Rasmus Lerdorf, aliyezaliwa Greenland, alikuwa ametengeneza vijiprogramu vya kuhudumia ukurasa wake binafsi, ajue nani anausoma wasifu wake wa kazi. Tarehe 8 Juni 1995 aliviachia dunia nzima bure, na hiyo ndiyo PHP. Mwaka huo huo, Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson walianzisha MySQL huko Sweden. "My" ni jina la binti wa Widenius. Kwa hiyo mstari ule wa mwanzo una jina la mtoto wa watu ndani yake, na vijana duniani kote huliandika kila siku bila kujua.

Eastlands vilifika kwa mlango wa nyuma, kama mitumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti ilipitia setilaiti na ilikuwa ghali. Saiba za Buruburu na Umoja zililipisha kwa dakika, na dakika zilihesabiwa kama sukari. Nyaya za baharini, TEAMS na Seacom, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida hangeweza kukaa saa nne mtandaoni akijifunza. Hapa ndipo neno 'localhost' lilipokuwa baraka. XAMPP, kifurushi kilichoanza kutolewa mwaka 2002, kiliweka kila kitu kwenye mashine moja: seva, PHP, MySQL. Ulikinakili kwenye flashi kwa jamaa, ukakiweka kwenye kompyuta ya mtumba, na ukawa na intaneti yako ndogo chumbani, dirisha na karani na kabati, bila kulipa hata shilingi ya bando.

Kifurushi hicho kilikuja na root bila neno la siri. Wenyewe waliokitengeneza waliandika wazi kwamba ni cha kujifunzia, kisiwekwe mtandaoni kilivyo. Lakini nani husoma karatasi inayokuja ndani ya boksi? Mazoea ya chumbani yalitoka nayo nje. Tovuti za maduka, za makanisa, za shule, zikawa na karani mwenye funguo zote.

Maarifa ya mtumba yana tatizo jingine: hayaji na tarehe. Miongozo ya zamani ilitumia mysql_connect, njia ambayo PHP yenyewe ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaachwa, na mwishoni mwa 2015, toleo la 7 lilipotoka, ikaondolewa kabisa. Chuo nilichosoma kabla ya kuacha kiliendelea kutupa nakala za noti zenye mysql_connect miaka kadhaa baada ya hapo, na mtihani ukauliza hivyo hivyo. Ukiandika jibu linalofanya kazi kwenye mashine, unakosa maksi. Sikuacha kwa sababu hiyo, lakini sikuisahau.

Tatizo la njia ya zamani halikuwa umri wake. Ni kwamba watu waliizoea pamoja na namna mbaya ya kuuliza. Fikiria mpangaji anaandika namba ya nyumba kwenye kikaratasi, anampa karani, na karani anakisoma kikaratasi kwa sauti mbele ya kabati kana kwamba ni amri yake mwenyewe. Mpangaji wa kawaida ataandika "B14". Mjanja ataandika "B14, ama yeyote yule, nipe wote". Karani asiyefikiri atasoma yote, na kabati litafunguka lote. Hila hii ilielezwa hadharani mwaka 1998 kwenye jarida la wadukuzi liitwalo Phrack, na bado inaangusha tovuti hadi leo. Dawa yake ni fupi:

$swali = $db->prepare('SELECT jina FROM wapangaji WHERE nyumba = ?');
$swali->bind_param('s', $nyumba);
$swali->execute();

Mstari wa kwanza unaliambia kabati swali litakuwa la namna gani, na alama ya kuuliza inaacha nafasi. Wa pili unajaza nafasi hiyo kwa alichoandika mpangaji, kama maandishi tu (ile 's' ndiyo inayosema hivyo). Wa tatu unauliza. Mjanja akiandika hila yake, kabati litatafuta nyumba yenye jina hilo refu la ajabu, likose, basi.

Lakini hata karani mwangalifu akiwa na funguo zote ni hatari ya kesho. Ndiyo maana natamani somo la kwanza liwe hili, kabla ya mstari wa PHP wowote:

CREATE USER 'karani'@'localhost' IDENTIFIED BY 'neno-refu-la-siri';
GRANT SELECT ON mtaa.wapangaji TO 'karani'@'localhost';

SELECT ni kusoma. Karani huyu anaweza kusoma jedwali la wapangaji. Hawezi kuandika humo, hawezi kufuta, hata hajui kama majedwali mengine yapo. Kisha kwenye mstari wetu wa mwanzo unatoa root, unaweka karani na neno lake. Ni kazi ya dakika mbili.

Kenya imeona kazi za namna hii zikifanywa kwa haraka na kwa sababu nzito. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba, Mathare, Huruma na Dandora zilikuwa zinawaka kama sehemu nyingine za nchi, na matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku. Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba watu wa teknolojia watengeneze ramani ya yanayotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia. Kobia alikuwa mwenye Mashada, jukwaa la Wakenya mtandaoni ambalo alilazimika kulifunga siku zile zile kwa sababu matusi ya kikabila yalizidi. Ndani ya siku chache Ushahidi ilikuwa hewani: unatuma ujumbe au unajaza fomu, taarifa inahifadhiwa, inatokea kwenye ramani. Baadaye waliiandika upya kwa PHP na MySQL wakaitoa bure, na tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010 ikatumika huko.

Mimi huiona Ushahidi kama kipande kilichopinduliwa. Aliyekuwa anaandikwa sasa anaandika. Mama wa Huruma aliyeona jambo angeweza kuongeza safu kwenye jedwali lililosomwa na dunia. Haikuwa bila shida, kwa sababu taarifa za uongo huja kwa dirisha lile lile, na waliokuwa nyuma ya ramani walilazimika kukaa wakithibitisha moja moja.

Miaka tisa baadaye neno la kiufundi likawa neno la mtaani. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 ulitanguliwa na mauaji ya Chris Msando, mkuu wa teknolojia wa tume ya uchaguzi, aliyekutwa ameuawa mwishoni mwa Julai. Matokeo yalipotangazwa, upinzani ukasema yaliyomo ndani ya mitambo si yaliyotangazwa, na kilio kikawa kimoja: fungua seva. Watu ambao hawakuwahi kuona seva waliimba hivyo. Ikawa mpaka mzaha, ukimshuku mtu ameficha chenji unamwambia afungue seva.

Wasomi wengine walicheka, eti watu wanadhani seva ni kabati. Sikuona cha kuchekwa. Ni kabati, na waliolia walikuwa wameuliza swali sahihi kabisa: karani ameleta jibu dirishani, nani anaweza kwenda kutazama droo? Tarehe 28 Agosti, Mahakama ya Juu ilitoa amri ambayo mtu wa hifadhidata angeielewa bila wakili. Walalamikaji wapewe ruhusa ya kusoma tu, wakiwa chini ya usimamizi, waone rekodi za nani aliingia kwenye mitambo na lini. Kusoma tu. GRANT SELECT. Tume haikuitekeleza amri hiyo kikamilifu, majaji walio wengi wakaihesabia hilo dhidi yake, na tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi wa rais ukabatilishwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika.

Somo lilieleweka angalau nusu. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za matokeo za vituo vyote, zaidi ya 46,000, kwenye tovuti iliyo wazi. Yeyote mwenye bando angeweza kuzipakua, na vijana wakazipakua, wakaandika skripti zao, wakajumlisha wenyewe vyumbani. Kesi ilikuwepo bado, na mahakama safari hii ikaidhinisha matokeo. Ila ubishi ulikuwa wa aina nyingine, kwa sababu watu walikuwa na karatasi zenyewe mikononi.

Kusoma, basi, tumekupigania na tumepata kidogo. Kuandika, yaani kusahihisha kinachosemwa juu yako, bado ni kugumu, na hapa ndipo mambo ya kipande yanaponirudia.

Kaskazini mashariki, wakati wa ukame na njaa, kuna familia za Wakenya zilizoandikisha watoto kambini kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Vidole vya mtoto viliingia kwenye hifadhidata ya wakimbizi. Mtoto akakua, akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya, nchi aliyozaliwa. Karani akaunganisha majedwali mawili kwa alama za vidole, na jibu likarudi: wewe ni mkimbizi. Maelfu ya vijana wamekwama hivyo kwa miaka. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki, kuajiriwa rasmi, hata kupiga kura. Wengine wako Eastleigh sasa hivi, wakikwepa barabara zenye polisi, kama waliokwepa wakati wa kikebe. Na Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walizolewa Eastleigh, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani wakisubiri karatasi zao zisomwe.

Kiufundi, kosa liko wapi? Swali lililoulizwa ni sahihi, majedwali yameungana vizuri, vidole ni vya mtu yule yule. Ni kwamba aliyebuni kabati alidhani mtu hawezi kuwa kwenye droo mbili kwa sababu njema, na hakuacha mahali pa mtu kusema. Huduma Namba ilipokuja 2019 ikitaka kuunganisha kila droo kuwa moja, Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda kortini wakiwa na hofu hii hii. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ilizuia kuchukuliwa kwa DNA na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, ikasema mpango usiendelee bila kanuni za kutosha. Sheria ya ulinzi wa data ilikuwa imepita Novemba 2019, na humo kuna haki ya kudai data ya uongo juu yako isahihishwe. Haki ipo kwenye karatasi. Kwenye programu nyingi hakuna hata kitufe chake.

Ukienda saiba yoyote ya Kayole utaona jinsi watu wanavyoziba pengo hilo. Tangu eCitizen na iTax zianze, jamaa wa saiba ndiye karani wa karani. Wazee wanakuja na simu, anawafungulia akaunti, anawaandikia maneno ya siri kwenye daftari la kaunta ili wasisumbuke tena. Jina likikosewa, yeye ndiye anayejua uandike wapi, upige simu gani, urudi lini. Daftari lile ni hatari tupu kwa kila kanuni ya usalama ninayoijua. Pia ndiyo huduma pekee ambayo mama wa miaka 70 amewahi kupata kutoka kwenye hifadhidata ya nchi yake.

Kwa hiyo ukijenga cha kwako, hata kama ni rejista ya chama, ya maji ya ploti au ya wapangaji wa nyumba kumi, ongeza jedwali moja zaidi. Mimi huliita marekebisho. Lina namba ya mtu, anachosema kimekosewa, anachosema ndicho sahihi, na tarehe. Kisha mpe karani wako ufunguo mmoja wa ziada:

GRANT INSERT ON mtaa.marekebisho TO 'karani'@'localhost';

INSERT ni kuongeza. Mpangaji hawezi kujibadilishia deni la kodi kwa njia hii, wala kufuta alichoandika jana, kwa sababu rejista yenyewe haiguswi. Lakini neno lake linaingia kabatini, lina tarehe, na mwenye nyumba akija kufungua droo atalikuta humo.